Sekunde Nne za Mwanafunzi wa Udereva

Mwaka jana nilikuwa na desturi ya kwenda Kinyerezi kila Jumapili alasiri kumjulia hali dada yangu. Kijana wake wa kwanza, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa nadharia ya udereva, nami aghalabu nilimkuta barazani ameketi mbele ya chati ya alama za barabarani, akizitaja kwa sauti kama mtoto wa chuoni asomapo juzuu. Alikuwa ameshindwa mtihani huo mara moja. Jirani yao mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amemwahidi kazi ya kuendesha gari dogo la mizigo endapo angepata leseni kabla ya mwaka kwisha, na mwaka ulikuwa unakwisha.

"Mjomba, safari hii nimezishika zote," aliniambia.

Nilimwomba anionyeshe. Akaanza juu kushoto, akashuka mstari baada ya mstari, asikosee hata alama moja. Ndipo nilipochukua gazeti, nikalitoboa tundu katikati, nikaifunika chati kwa gazeti hilo hata ikaonekana alama moja tu. Kijana akanyamaza. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, nami nikang'amua kwamba alikuwa ameanza tena mwanzo wa mstari ili aifikie ile alama kwa kuhesabu. Kisha akasema, "Daraja jembamba mbele."

Jibu lilikuwa sahihi. Lakini nilikuwa nikitazama saa yangu, na jibu hilo lilichukua sekunde nne. Gari liendalo kwa kasi ya kilometa 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kasi katika maeneo ya makazi hapa Tanzania, hupita takriban mita 14 katika kila sekunde. Kwa hiyo kijana alipotamka neno "daraja" gari lake lingekuwa limekwenda mita 56, na yamkini lingekuwa limekwishafika darajani.

Simlaumu. Sisi walimu tumezoea kuwafundisha vijana hivyo hivyo, tukiwapa orodha wakaririye na kuwauliza kwa utaratibu ule ule wa orodha. Ila barabara haina utaratibu huo. Watu wengi huuona mtihani wa nadharia ya udereva kuwa ni kipimo cha kumbukumbu, ambacho mtu hukipita kisha akakisahau. Katika makala haya napenda kuonyesha kwamba karibu kila swali la mtihani huo, ukilichunguza, ni swali la muda na umbali, na kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu anayo tayari hesabu yote inayohitajika kulijibu.

Tuanze na muda. Hadi katikati ya karne ya 19 wataalamu wengi walidhani kwamba habari husafiri katika neva za mwili kwa kasi kubwa mno isiyoweza kupimwa. Mwaka 1850 mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, aliipima kasi hiyo katika neva ya mguu wa chura, akaona kwamba haifiki hata mita 40 kwa sekunde. Mwaka 1868 daktari wa Kiholanzi, Franciscus Donders, alikwenda mbele zaidi. Aliwagusa watu kwa umeme hafifu mguuni, nao wakatakiwa kujibu kwa mkono wa upande ule ule ulioguswa. Walipoambiwa mapema ni mguu upi utakaoguswa, walijibu upesi. Wasipoambiwa, walichelewa kwa takriban sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Muda huo mdogo ulikuwa ni gharama ya kuchagua baina ya mambo mawili tu.

Dereva anapoingia njia panda hachagui baina ya mawili. Mbele yake pana bodaboda, bajaji, daladala linalotaka kusimama, mama mwenye ndoo kichwani, na alama juu ya nguzo. Ikiwa maana ya alama hiyo aliimaliza nyumbani, akili yake inabaki na kazi moja pungufu. Ikiwa hakuimaliza, anaifanyia kazi hapo hapo, huku magurudumu yakizunguka. Nusu sekunde ya kutafakari ni mita saba.

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya darasani bila gharama. Mwanafunzi mmoja ashike rula ya sentimeta 30 ikining'inia wima, sifuri ikiwa chini. Mwenziwe aweke kidole gumba na cha shahada pande mbili za sifuri pasipo kuigusa. Rula iachiliwe bila taarifa, naye aidake. Umbali ulioanguka rula hutoa muda, kwa kuwa muda ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya umbali uliogawanywa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Rula ikianguka sentimeta 20, yaani mita 0.2, na mchapuko tukiuchukua kuwa 10, muda ni sekunde 0.2. Baada ya hapo lirudiwe jaribio kwa mtindo wa Donders: mshikaji ashike rula mbili, moja kila mkono, mdakaji aweke tayari mikono yote miwili, na iachiliwe moja tu. Takwimu zitabadilika, na darasa halitahitaji maelezo marefu. Wapo watakaoomba kujaribu huku wakizungumza na simu. Waruhusiwe.

Dereva hana bahati ya kudaka kwa vidole viwili tu. Lazima aone, atambue, aamue, aondoe mguu kwenye kanyagio la mafuta na kuupeleka kwenye breki. Katika hesabu za kawaida tunampa sekunde moja nzima. Mwongozo wa madereva wa Uingereza humpa kama theluthi mbili za sekunde, jambo ambalo mimi naliona kuwa ni ukarimu uliopita kiasi. Nina sababu ya kuukumbuka mwongozo huo. Nilipokuwa nikisoma shahada ya udaktari huko, na somo langu likiwa ni mekanika, nilifanya mtihani wa nadharia bila kufungua kitabu, kwa kujiamini. Nilipata maswali 42 kati ya 50, na alama ya kufaulu ilikuwa 43. Swali mojawapo liliuliza umbali wa kusimama kwa gari liendalo maili 30 kwa saa. Nilichagua mita 14. Hizo ni mita za breki peke yake. Mita tisa ambazo gari hupita kabla mguu haujaigusa breki nilizisahau, na jibu lilikuwa 23. Nilikuwa nimelihesabu gari nikamsahau mtu.

Sasa tutazame breki zenyewe. Gari lenye mwendo lina nishati, nayo ni nusu ya tungamo lake mara kasi kwa kipeo cha pili. Kulisimamisha ni kuiondoa nishati hiyo kwa msuguano wa tairi na barabara. Kani ya msuguano nayo hulingana na uzito, kwa hiyo katika hesabu tungamo hujifuta, na umbali wa breki hubaki kuwa kasi kwa kipeo cha pili ikigawanywa kwa mara mbili ya mpunguo wa kasi katika kila sekunde. Juu ya lami kavu, tairi zikiwa nzima, kizigeu cha msuguano ni takriban 0.7, hivyo mpunguo ni kama mita 7 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa kilometa 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde, umbali wa breki ni karibu mita 14, na tukijumlisha mita 14 za kutambua na kuamua tunapata mita 28.

Nilimpa mpwa wangu hesabu hii, kisha nikamwambia tutoke nje. Ajuaye Kinyerezi anajua kwamba barabara itokayo Segerea kwenda Malamba Mawili hadi Mbezi hupanda na kushuka vilima, na mvua za masika hazichagui pa kunyeshea. Lami ikilowa, kizigeu cha msuguano hushuka hadi kama 0.4. Zile mita 28 zinakuwa 38. Tuseme tena kwamba gari linateremka mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita kumi: mvutano wa dunia, ambao kwenye tambarare haukuwa na neno, sasa unalisukuma gari mbele na kuinyang'anya breki sehemu ya kazi yake. Mpunguo unabaki mita 3 tu, na umbali wa kusimama unafika mita 46. Dereva ni yule yule, gari ni lile lile, na mshale wa kipima kasi haujasogea.

Mdogo wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akitusikiliza. Yeye huivuka barabara kila asubuhi kwenda shule. Akauliza, "Na akizidisha kidogo tu, Mjomba? Kumi tu?"

Swali hilo ndilo nipendalo kuliko yote, na kila mwalimu wa fizikia angefaa kulitoa katika mtihani wa muhula. Magari mawili yanakwenda bega kwa bega juu ya lami kavu, moja kwa kilometa 50 kwa saa na jingine kwa 60. Mtoto anaingia barabarani, mita 28 mbele yao. Madereva wote wawili wanamwona kwa wakati mmoja, na wote wanahitaji sekunde moja. La kwanza linasimama kwenye miguu ya mtoto. La pili katika sekunde ile limekwishatumia mita 16.7, limebakiwa na mita 11 za kufunga breki, na breki katika mita 11 haziwezi kuondoa zaidi ya sehemu ya nishati yake. Ukipiga hesabu utaona kwamba linamfikia mtoto likiwa bado na kasi ya kilometa 40 kwa saa. Wengi hutarajia jibu kuwa kumi, kwa kuwa tofauti ya mwanzo ilikuwa kumi. Msichana huyo naye alidhani kumi. Kaka yake aliirudia hesabu mara mbili kwa kalamu, akidhani nimekosea.

Swali la gia kwenye mteremko huwatatiza watahiniwa wengi, ingawa ni jepesi mtu akikumbuka kwamba nishati haipotei. Lori la tani 10 likishuka kilima chenye kimo cha mita 50 kwa kasi isiyobadilika, breki zake hazina budi kumeza jouli milioni tano. Joto hilo latosha kuchemsha takriban lita 16 za maji ya bomba. Breki zikipata moto kupita kiasi hulegea, na hapo kanyagio hushuka pasipo faida. Gia ndogo huifanya injini ibebe sehemu ya mzigo huo. Hapa ndipo tungamo, lililojifuta katika hesabu ya kwanza, linaporudi.

Alama za barabarani zina mantiki yake pia. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 uliweka wazi kwamba umbo liseme kabla ya picha: pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya, duara lenye ukingo mwekundu hukataza, duara la buluu huamuru. Alama ya kusimama yenye pembe nane ilipendekezwa na wahandisi wa barabara wa Marekani mwaka 1923, na siku hizi karibu hakuna alama nyingine yenye umbo hilo. Hata ikifunikwa vumbi lote la njia za udongo za Kinyerezi, hata ikitazamwa kwa nyuma, yatambulikana; na dereva anayetoka upande mwingine ajua kwamba ni mwenziwe anayepaswa kusimama. Mwenye kulijua hili hakariri alama zote moja moja. Hukariri maumbo machache, kisha picha humalizia maana.

Basi tulifanya hivi. Kijana aliichukua chati yake, akaikata kwa mkasi ikawa kadi, na mdogo wake akapewa kazi ya kuzichanganya na kumwonyesha moja moja kila jioni. Asiyejibu kabla ya kutamka "moja na nusu" alihesabiwa kuwa amekosa, na kadi ikarudi chini ya fungu. Wiki ya kwanza alikosa nyingi kuliko alizopata, akakasirika, akasema chati nzima ilikuwa bora. Wiki ya tatu dada yangu alinipigia simu kulalamika kwamba hawapikiki wala hawaliki kwa sababu ya kadi.

Siku ya mtihani aliulizwa, miongoni mwa mengine, kwa nini dereva huongeza nafasi baina yake na gari la mbele wakati wa mvua. Wengine waliotahiniwa naye walijibu kwamba ndiyo sheria. Yeye alieleza habari za msuguano, akataja mita 28 na mita 38, na mtahini akamwuliza amesomea wapi.

Alifaulu, na tangu mwezi wa Januari anaendesha gari la mwenye duka, ambalo nimelipanda mara moja kutoka Segerea siku ya mvua. Alishuka kilima kwa gia ya pili. Kadi anazo mdogo wake, ambaye miaka ya kupata leseni bado haijamfikia. Nilipompima kwa rula mwezi uliopita alidaka kwenye sentimeta 14, na kaka yake kwenye 19.