Iten Ina Mabingwa. Tot Ina Uwanja Gani?

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliweka viwanja na vifaa vya michezo mikononi mwa kaunti, katika fungu lile lile lenye maktaba, makumbusho na leseni za vileo. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, viongozi wengi wamelitafsiri jukumu hilo kuwa uwanja mmoja mkubwa makao makuu, wenye jukwaa, uzio na bango la uzinduzi. Serikali kuu nayo haikutoa mfano bora: muungano wa Jubilee uliingia madarakani mwaka huo kwa ahadi ya viwanja vitano vya kimataifa, na Wakenya wanajua ahadi ile iliishia wapi. Kwa kaunti ya mashambani, kuanzia kwenye jukwaa ni kuanza kupanga kwa kinyume.

Tazama Elgeyo-Marakwet. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 454,480, waliotawanyika katika wadi 20 na eneo la takriban kilomita 3,000 za mraba. Ramani bapa haionyeshi ugumu wenyewe. Iten, makao makuu ya kaunti, iko ukingoni mwa bonde, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Chini yake kuna mteremko mkali wenye vijiji na mashamba, kisha Bonde la Kerio lenye joto, chini zaidi ya mita 1,000. Mtoto wa Tot, huko bondeni, hawezi kutoka shuleni saa kumi, akapanda hadi Iten kufanya mazoezi, akarudi kwao kabla ya giza. Kwake yeye uwanja wa Iten ni sawa na uwanja wa Nairobi. Kwa hiyo mpangaji asianze na idadi ya viti. Aanze na idadi ya watoto wanaoweza kufika kwa miguu na kurudi salama.

Najua jibu litakalotolewa: hii ni nchi ya mabingwa, na mabingwa wanahitaji tatani, ile sakafu ya mpira ya kukimbilia. Hoja hiyo ina uzito, na njia moja nzuri kwa kaunti nzima si anasa. Lakini historia ya Kamariny inafundisha tahadhari. Uwanja huo wa udongo ulio karibu na Iten ulitumiwa na wakimbiaji kwa miongo mingi. Ukabomolewa ili uboreshwe, kazi ikakwama kwa miaka, na wanariadha wakabaki kubanana kwenye njia ya udongo ya Tambach au kutegemea tatani ya kituo binafsi. Walinyang'anywa kizuri kilichokuwapo kwa ajili ya kizuri zaidi kilichochelewa. Isitoshe, Peter Rono, aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki ya 1988, alitoka shule ya St Patrick's ya Iten, na David Rudisha, bingwa wa mita 800, alinolewa na kocha wa shule hiyo hiyo, Bradha Colm O'Connell. Kilichowainua zaidi ni mwalimu aliyekuwapo kila siku na ardhi iliyo wazi.

Ardhi hiyo ipo tayari katika shule za msingi. Walimu wakuu huogopa kufungua malango jioni, na hofu yao si ya kubeza: dirisha likivunjwa, nani atalipa? Mtoto akiumia, lawama ya nani? Basi kaunti na bodi ya shule ziandikiane mkataba, kaunti ilipe mlinzi na fundi, shule itoe uwanja. Tena kaunti ihakikishe shule zina hatimiliki. Mapema mwaka 2015 wanafunzi wa Lang'ata, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi wakidai uwanja wao uliozungushiwa ukuta, na unyakuzi wa aina hiyo hauishii jijini.

Hata ukubwa wa uwanja ni suala la sera. Uwanja kamili wa kandanda wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Wa voliboli, 18 kwa 9, una 162 tu, kabla ya nafasi ya pembeni. Kwenye mteremko, ambako kusawazisha ardhi ni gharama kubwa na mvua huleta maporomoko, tofauti hiyo inaamua kama kijiji kitapata kitu au kitakosa kabisa. Netiboli na voliboli pia huwavuta wasichana, mradi choo kiwepo na njia ya kurudi nyumbani isiwe ya kutisha. Bondeni, mti wa kivuli na bomba la maji vina faida zaidi kuliko paa la jukwaa.

Pingamizi gumu kuliko yote ni kwamba kutawanya fedha huzaa magoli yaliyopinda katika kila wadi bila uwanja kamili mahali popote. Ni kweli, ikiwa kutawanya ni kugawa sawasawa ili kila mwakilishi wadi apate chake. Mpango wa maana hauna usawa wa namna hiyo: njia moja ya riadha, viwanja vichache vya kati karibu na barabara za matatu, vidogo vingi kando ya shule, na fungu la matengenezo lisiloguswa kwa kazi nyingine. Bila fungu hilo, hata uwanja wa voliboli hauna maisha marefu. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano unafikia kikomo 2027. Kabla ya unaofuata kuandikwa, maafisa wa michezo wanaweza kutembea wadi kwa wadi na kuorodhesha kila kiwanja kilichopo, mwenye ardhi yake, na umbali wa nyumba zinazokizunguka. Zoezi hilo halihitaji mwanakandarasi wala bango.