Mistari myeusi kwenye projekta: usikimbilie kuirudisha dukani

Mpwa wangu alinipigia simu usiku, sauti juu. "Shikamoo mjomba. Hii projekta nimeuziwa mbovu." Alikuwa ametundika shuka nyeupe ukutani huko Kisauni, amealika majirani, ameweka filamu, na picha ikaja na mstari mnene mweusi juu na mwingine chini. Watoto wakamcheka kwamba amenunua nusu projekta. Muuzaji naye, alipopigiwa, akamwambia aongeze pesa achukue kubwa zaidi. Nikamwambia asitoe hata shilingi.

Projekta ilikuwa nzima. Kila picha ina uwiano wake wa upana na kimo, na projekta nyingi za nyumbani, sawa na runinga za siku hizi, ni 16 kwa 9. Ukiwa na picha ya upana wa sentimita 240, kimo chake ni 135. Lakini filamu nyingi za sinema ni pana zaidi, 2.39 kwa 1. Kwa upana uleule wa 240, filamu hiyo inahitaji kimo cha sentimita 100 tu. Zile 35 zilizobaki hazina picha ya kuwekwa, basi zinagawanywa juu na chini, 17 na kitu kila upande. Ndiyo mistari yenyewe. Projekta kubwa zaidi ingempa mistari mikubwa zaidi.

Zamani filamu na runinga zilikaribiana umbo, kama 4 kwa 3. Runinga zilipoingia majumbani Marekani na watu wakapunguza kwenda sinema, wenye studio walitafuta kitu ambacho sebule haiwezi kutoa. Mwaka 1953 20th Century Fox wakatoa The Robe, filamu ya kwanza ya CinemaScope. India wakafuata mwaka 1959 kwa Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt, na Sholay ya 1975, ambayo sidhani kuna nyumba hapa Pwani isiyoijua, ilionyeshwa pia kwa nakala pana za milimita 70. Kwenye jumba la sinema, filamu pana ilimaanisha pazia za pembeni zinafunguliwa zaidi na picha inakua. Nyumbani mambo yamegeuka. Upana wa shuka ni uleule, kwa hivyo filamu iliyokusudiwa kuwa kubwa ndiyo inayoonekana ndogo.

Hapo ndipo watu hushika rimoti. Kuna kitufe cha kuvuta picha ijaze shuka: mistari inaondoka, lakini kila mtu anarefuka kwa thuluthi moja, uso kama mhogo. Kuna kingine cha kukuza. Hicho ni kibaya zaidi kwa sababu hakionekani ubaya wake. Nyuso zinabaki sawa, ila robo nzima ya picha inakatwa pembeni. Watu wawili wanaozungumza, mmoja kulia mmoja kushoto, unabaki na pua mbili. Filamu za kale za 4 kwa 3 kama Mother India huja na mistari kushoto na kulia. Ukizivuta, wote wananenepa. Ziacheni.

Kinachoudhi kweli ni kwamba kwenye projekta mistari hiyo si myeusi, ni ya kijivu. Projekta hairushi weusi. Inazuia mwanga tu, na kidogo huvuja. Dawa yake ni kitambaa cheusi kisichong'aa, kifunike sehemu zile juu na chini. Picha huonekana kali ghafla ingawa hakuna kilichobadilika ndani ya mtambo.

Mwenye projekta yenye lenzi ya kukuza anaweza kwenda mbali zaidi: atengeneze shuka la umbo la 2.39 kwa 1, akuze picha ijae upana wote, na mistari iangukie nje ya shuka, kwenye kitambaa cheusi. Lenzi iweze kukuza kama mara 1.35. Ujue tu kwamba mwanga uleule sasa umetandazwa eneo kubwa, ung'avu unabaki zaidi kidogo ya nusu, kwa hivyo zima taa na uzibe madirisha. Angalia pia maandishi ya tafsiri. Mara nyingine huandikwa ndani ya mstari wa chini, na ukikuza yanaangukia kwenye kitambaa, halafu bibi aliyekuja kwa ajili ya filamu ya Kihindi haelewi kitu. Na zipo filamu zinazobadilisha umbo katikati, kama The Dark Knight ya 2008 kwenye diski ya Blu-ray: ghafla picha inajaa 16 kwa 9 na inapanda hadi darini.

Mpwa wangu hakufika huko. Alipata vipande viwili vya kitambaa cha buibui kwa fundi wa mtaani, akavibana kwa vibanio vya nguo. Majirani walirudi Ijumaa iliyofuata.