Mamluki ni wa Nani? Askari wa Kukodiwa katika Filamu za Bunilizi ya Kisayansi

Neno mamluki limetufikia kutoka Kiarabu, ambako mamluk ni mtu aliyemilikiwa. Mzizi wake ndio uliotuzalia miliki, milki, mamlaka na malkia. Katika historia ya nchi za Kiislamu waliitwa hivyo vijana, aghalabu Waturuki na Wacherkasi, walionunuliwa wakiwa watumwa wakalelewa kijeshi. Na huko Misri walifikia kuwapindua mabwana zao wakatawala wenyewe tangu 1250 hadi 1517. Kiingereza kilichota kwingine. Neno lake latokana na Kilatini merces, yaani ujira. Basi kwa asili ya maneno haya, Kiswahili chamwuliza askari wa kukodiwa, "Wewe ni wa nani?" ilhali Kiingereza chamwuliza, "Walipwa nini?"

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo mawili hugombana ndani ya filamu za bunilizi ya kisayansi, yaani zile zinazosimulia sayari nyingine, viumbe wageni na mitambo isiyokuwapo bado. Wako wasomi wanaoziona kuwa ni mchezo wa watoto. Siafikiani nao. Filamu ya vita vya kweli mara nyingi huazima ndege, meli na wanajeshi wa serikali, na mwazimaji hamsuti mwenye mali. Hata katika bunilizi jambo hili hutokea: Battle: Los Angeles (2011) ilitengenezwa kwa msaada wa Wanamaji wa Marekani, na ndani yake swali la nani anamtuma askari halina nafasi. Hapa twashughulika na zile zinazolipa nafasi.

Aliens (1986) ya James Cameron yafaa kutangulia. Cameron mwenyewe ameeleza kuwa aliiwazia vita vya Vietnam: jeshi lenye silaha za ajabu linashindwa na adui asiye na silaha yoyote ila mwili wake. Luteni anayeongoza kikosi ameshuka vitani mara moja tu kabla ya siku hiyo. Kwingine kote alishuka katika mazoezi ya kuigiza. Wanajeshi hawa ni wa dola, si wa kukodiwa. Lakini wamefuatana na Burke, mtu wa Kampuni. Kikosi kinapokwisha kuangamia nusu, Ripley anashauri kituo kizima kiteketezwe kutoka angani. Burke anapinga, akitaja thamani ya majengo. Ripley anamkumbusha kwamba hii ni kazi ya jeshi, na kwamba kwa mpango wa vyeo mwenye amri sasa ni koplo Hicks. Burke anamdharau koplo huyo mbele ya macho yake kuwa ni askari wa chini tu, asiyefaa kuamua jambo la fedha nyingi kiasi hicho. Hapo ndipo mtazamaji anapotambua kwamba Burke amewahesabu askari wa dola kuwa sehemu ya mali ya mwajiri wake. Hicks anaamua kwa maneno machache, na anaamua kinyume chake.

Katika Avatar (2009), Cameron huyo huyo amekwenda mbele zaidi. Dola haionekani tena; Pandora yote inalindwa na askari wa kampuni ya madini chini ya Kanali Quaritch. Jake Sully, mwanamaji wa zamani aliyepooza miguu, anatwambia mapema kwamba wenziwe hawa walipokuwa nyumbani walikuwa wanajeshi, na hapa ni watu wa kukodiwa. Mpaka huo kati ya mwanajeshi safi na mkodiwa mchafu ni mwepesi mno, nami nauona kuwa udhaifu wa filamu. Lililo zito ni ujira wenyewe. Jake ameajiriwa kwa kuwa mwili wa bandia uliotengenezwa kwa gharama kubwa kwa ajili ya pacha wake aliyefariki wamfaa yeye tu. Na Kanali anamwahidi kurudishiwa miguu yake akipeleleza. Analipwa kwa mwili, na mwili anaoutumia ni mali ya kampuni.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote umo katika Attack of the Clones (2002) ya George Lucas. Jango Fett ni mwindaji watu kwa malipo. Amelipwa vizuri ili mwili wake uwe kiolezo cha jeshi zima la askari nakala, wakuzwao upesi kuliko binadamu na kupunguziwa ukaidi. Juu ya malipo ameomba nakala moja isiyobadilishwa, aifanye mwanawe. Mjumbe anapofika Kamino anaambiwa kwamba laki mbili wako tayari na milioni moja wako njiani, hesabu ikitajwa kama ya bidhaa ghalani. Niliwahi kuwapa wanafunzi wa tafsiri sehemu hii. Wote walimwita Jango mamluki, na nakala zake askari. Kwa matumizi ya leo walipatia. Kwa asili ya neno mambo ni kinyume: Jango ni mtu huru auzaye kazi yake, nao nakala wasiolipwa chochote ndio mamluki hasa. Katika Revenge of the Sith (2005) wanawageukia majenerali wao na kuwaua, lakini si kama wale wa Misri; wameamriwa tu.

Neno askari nalo lina yake. Kwetu lachukua polisi na mwanajeshi pamoja, na kwa hiyo RoboCop (1987) ya Paul Verhoeven yaingia humu bila kubisha hodi. Polisi wa Detroit wameshikwa na kampuni. Murphy akishauawa kazini, kampuni inautwaa mwili wake na kuuunda upya, ikificha ndani yake amri ya nne inayomzuia kumkamata mkubwa wake yeyote. Muuaji akiwa mkurugenzi, askari huyu hana nguvu mpaka mkuu wa kampuni atamke kumfukuza kazi.

Tumalizie Afrika. District 9 (2009) ya Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, yahusu viumbe wageni wanaohamishwa kwa nguvu, na jina lake lakumbusha District Six ya Cape Town, iliyotangazwa kuwa ya Wazungu mwaka 1966. Serikali ya Nigeria iliipinga kwa jinsi ilivyowachora Wanigeria, na haikukosa sababu. Kazi ya kuhamisha imepewa kampuni itengenezayo silaha, na mkuu wa askari wake ni Koobus Venter. Mtazamaji wa Afrika Kusini hakuhitaji kuelezwa habari za kampuni za namna hii: Executive Outcomes, iliyoundwa mwaka 1989 na kukusanya askari wa zamani wa utawala wa ubaguzi, ilipigana Angola na Sierra Leone katika miaka ya 1990, na sheria ya mwaka 1998 ikadhibiti misaada ya kijeshi ya namna hiyo nje ya nchi. Ila Venter yuko kwao. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Libreville mwaka 1977 wamtaka mamluki awe mgeni asiye raia wa upande wowote unaopigana. Kwa kipimo hicho Venter si mamluki. Kwa kipimo cha neno la Kiswahili, ambalo huko Tanzania humfikia hata mchezaji asiye halali aliyepenyezwa katika timu, sioni jina jingine la kumpa.