Ajira imekwisha, mkataba wa pango bado: mpangaji afanyeje?

Tuchukue mfano wa baba wa watoto watatu aliyepanga vyumba viwili Choma cha Nkola, wilayani Igunga. Mkataba ni wa mwaka mmoja, naye, kama ilivyo ada nchini mwetu, alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa nne ajira ikakatika. Je, avunje mkataba na kurejea kwao, au abaki?

Si jambo geni katika ukanda huu. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, wilayani Nzega, ulipofungwa mwaka 2014, mishahara iliyokuwa ikilipa kodi za nyumba ilikoma. Ajira za viwanda vya kuchambua pamba hufuata msimu. Kazi za ujenzi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linalopita Nzega na Igunga, nazo zina mwisho wake.

Katika fiqhi, ijara, yaani kukodisha, ni mkataba unaofunga pande zote mbili. Qur'ani, mwanzoni mwa Suratul-Maida, inawaamrisha waumini kutimiza mikataba yao. Kwa hiyo wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hawaoni kwamba dharura ya mpangaji peke yake inavunja ijara, maadamu nyumba yenyewe inakalika. Wanachuoni wa Kihanafi wameacha mlango wazi: mfano wao mashuhuri ni wa mfanyabiashara aliyekodi duka sokoni kisha mtaji wake ukaangamia. Huyo wanamruhusu kuvunja mkataba kwa udhuru.

Hata hivyo, wote wanakubaliana juu ya iqala, yaani pande mbili kuridhiana kuuondoa mkataba. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Ibn Majah kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameahidi kwamba anayemkubalia Muislamu iqala, Allah atamsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Hiyo ni fadhila ya mwenye nyumba. Mpangaji huiomba, haidai. Tusisahau kwamba mwenye nyumba mara nyingi ni mjane ambaye vyumba hivyo viwili ndiyo shamba lake.

Sasa turudi kwa baba yetu. Kosa la wengi ni kuharakia kuhama ili kupunguza gharama, ilhali miezi miwili iliyobaki imekwisha kulipiwa. Kuiacha hakumwokolei hata shilingi, ila akirudishiwa fedha kwa ridhaa. Akae, atafute kazi akiwa chini ya paa alilolilipia. Hatari iko katika miezi sita ya pili, ambayo haijalipwa. Hiyo, akinyamaza, itageuka deni mwezi hadi mwezi.

Kabla ya kuamua, ahesabu haki zake kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi notisi isiyopungua siku 28. Aliyeachishwa kazi pasipo kosa, naye ametumikia mfululizo mwaka mmoja au zaidi, hustahiki kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 10. Akiona ameachishwa isivyo halali, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Jumla ya fedha hizo ndiyo itakayomwonyesha kama ataimudu miezi sita ile.

Ikiwa haitatosha, aende kwa mwenye nyumba sasa, si siku kodi inapodaiwa, akiwa na karatasi ya mkataba mkononi. Huenda kifungu cha notisi kimo humo na hakuna aliyekisoma. Amtafutie mpangaji mwingine. Mashafi wanaruhusu mpangaji kumkodisha mwenziwe mwenye matumizi kama yake, lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenye nyumba, basi asimpachike mtu kwa siri. Kuondoka usiku na ufunguo mfukoni ndiko kunakoharibu jina la wapangaji wote wanaokuja nyuma.

Wakikubaliana, waandike: tarehe ya kuhama, fedha inayorudishwa au deni lililobaki na muda wa kulilipa, kisha mashahidi wawili watie saini, na ufunguo ukabidhiwe mbele yao.