Bega Likikaza, Usikubali Livutwe kwa Nguvu

Mama muuza nguo pale Lwakhakha, mpakani mwa Kenya na Uganda, huanza kwa kushindwa kufunga kitambaa kichwani. Baadaye hawezi kulalia upande ule usiku.

Ugonjwa huu hutokea pale utando unaozunguka kiungo cha bega unapovimba, ukawa mnene na kukaza. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wanawake na wenye kisukari. Kwa hivyo ukiupata, pimwa sukari.

Je, kunyooshwa kwa mikono kunafaa? Utabibu ulioanzishwa na D.D. Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895 hushughulikia hasa uti wa mgongo. Kwa bega, ushahidi wake ni mdogo. Aliyesomea, akienda polepole, anaweza kusaidia. Lakini bega likivutwa ghafla, maumivu huzidi, na mfupa dhaifu huweza kuvunjika. Ikiwa ulianguka, upigwe picha kwanza.

Sindano ya hospitali hupunguza maumivu mapema. Nyumbani, inama, shika meza kwa mkono mzima, uache ule mwingine uning'inie, kisha uuzungushe taratibu. Subira inahitajika: bega hili huchukua mwaka 1 hadi 3 kulegea.