Anwani ya Kale na Seva Inayokumbuka

Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 2007 chuo hicho kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Mgeni akiuliza pale Dunda Chuo cha Sanaa kiko wapi, hakosi mtu wa kumwelekeza TaSUBa. Kompyuta haina hekima hiyo. Ikiombwa ukurasa kwa anwani isiyokuwapo tena, hujibu kwa namba 404, yaani "haukuonekana", na mwanafunzi aliyeinakili anwani hiyo kutoka kitabu cha zamani hudhani kwamba maarifa yenyewe yametoweka.

Dawa imo katika seva, ile kompyuta itunzayo kurasa za tovuti na kuwapa wanaoziomba. Seva yaweza kuagizwa ijibu 301, "umehamia daima", na kutaja anwani mpya. Kivinjari, ambacho ni programu ya kusomea tovuti, huomba tena kwenye anwani hiyo kabla msomaji hajatambua lolote. Uhamisho ukiwa wa muda, mathalani wakati wa matengenezo, namba ifaayo ni 302. Tofauti hii si ya maneno tu. Kivinjari chaweza kuiweka 301 katika kumbukumbu zake kikaacha kuiuliza seva; kosa likisha kusahihishwa, baadhi ya wasomaji bado hupelekwa pasipostahili. Ndiyo maana mafundi waangalifu hujaribu kwanza kwa 302.

Tovuti yenye kurasa elfu haihitaji maagizo elfu. Mwaka 1996 Ralf S. Engelschall alitunga mod_rewrite, sehemu ya programu ya seva iitwayo Apache, nayo hufuata kanuni za jumla. Tuchukulie kwamba kurasa zote zilizokuwa chini ya jina "chuo" zimehamia chini ya "tasuba". Kanuni moja yatosha:

RewriteRule ^/chuo/(.*)$ /tasuba/$1 [R=301,L]

Alama ^ ni mwanzo wa njia, na $ iliyo baada ya mabano ni mwisho wake. Nukta na nyota hunasa herufi zozote zifuatazo, kisha $1 huzirudisha. Hivyo /chuo/ngoma huwa /tasuba/ngoma. Herufi L huzuia kanuni zilizo chini zisisomwe katika duru hiyo. Sehemu ya R ikiondolewa, seva hubadili njia kimyakimya ndani yake, na msomaji huendelea kuiona anwani ya kale.

Makosa hayakosekani. Kanuni mbili zikielekezana, kivinjari huzunguka mara kadhaa kisha hukata tamaa. Baya zaidi, kwa kuwa halionekani upesi, ni kuzipeleka anwani zote za kale kwenye ukurasa wa mbele: ni kama kuomba kitabu maktabani ukaonyeshwa mlango. Ukurasa uliofutwa kwa makusudi, usio na mrithi, una namba yake ya haki, 410, "umeondoka".