Mizani Ionekane: Mwanamke na Duka la Dhahabu Mtandaoni

Fungua kurasa za Instagram zinazouza dhahabu Dar es Salaam, Zanzibar au Arusha uone. Picha zinavutia: bangili juu ya kitambaa cheusi, herini zinazoning'inia, mkono wenye hina umenyooshwa kuonyesha pete. Chini ya picha mtu ameuliza bei. Anajibiwa, "Njoo inboksi." Mwingine ameuliza ni karati ngapi. "Inboksi, kipenzi." Wa tatu haulizi, anapita zake.

Kwa dera au pochi, mteja anaweza kubahatisha. Likimkataa atampa mdogo wake. Kwa pete ya shilingi milioni moja na nusu, hakuna anayebahatisha. Wanawake wengi walioingia kwenye biashara hii wana jicho la urembo, wana wafuasi na wana lugha tamu ya kuuza. Kinachowakwamisha ni kuuza dhahabu vile vile wanavyouza vijora. Dhahabu ina maswali yake, na duka la mtandaoni linalodumu ni lile linaloyajibu kabla mteja hajauliza.

Nje ya kaunta

Si kwamba wanawake ni wageni wa dhahabu. Kwa vizazi, mwanamke wa Pwani ameweka akiba yake mkononi na shingoni. Mkufu ulinunuliwa siku za neema, ukauzwa siku ya ada ya shule au ya ugonjwa. Bibi mwenye bangili zake sita anajua ipi ni karati 22 na ipi ni 18, na anajua sonara yupi anapunja. Lakini siku zote alisimama upande wa nje wa kaunta. Usonara ulirithishwa ndani ya familia, mara nyingi baba kwa mtoto wa kiume, na kufungua duka kulidai pango la katikati ya mji, kabati la chuma, mlinzi, na dhahabu ya kujaza vioo kabla mteja wa kwanza hajaingia.

Simu imeiondoa kaunta hiyo. Leo mwanamke anaweza kuanza na mizani, michoro yake na sonara anayemwamini wa kumtengenezea kwa oda. Kilichobaki pale pale ni wasiwasi wa mnunuzi. Dukani alishika, akapima uzito kwa kiganja, akamwona sonara akisugua dhahabu kwenye jiwe jeusi na kuidondoshea tindikali. Mtandaoni hana hata kimoja kati ya hivyo.

Kumuuzia kito mtu asiyekishika si jambo la jana wala juzi. Duka la Tiffany lilipofunguliwa New York mwaka 1837 lilibandika bei kwenye kila bidhaa, hakuna kupatana. Mwaka 1845 likachapa katalogi yake ya kwanza, wateja wa mbali wakaagiza kwa posta. Ni kampuni hiyo hiyo iliyoipa tanzanaiti jina lake mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya kito hicho kugunduliwa Mererani. Waliotangulia kuuza vito kwa mbali walianza na bei iliyoandikwa, na sisi tunaanza kwa kuificha.

Mfano wa karibu zaidi na siku zetu ni Noura Sakkijha, aliyetoka katika familia ya masonara ya Jordan, akasomea uhandisi wa viwanda, kisha akahamia Kanada. Mwaka 2015 alizindua Mejuri mjini Toronto, duka la intaneti linalomuuzia mteja moja kwa moja. Aliona kwamba matangazo ya vito yalimlenga mwanamume anayemnunulia mkewe au mchumba wake. Yeye akazungumza na mwanamke anayejinunulia kwa mshahara wake mwenyewe, tena vipande vyepesi vya kuvaa kila siku. Mwaka 2019 wawekezaji waliingiza dola milioni 23 katika kampuni hiyo. Hata hivyo, naye alikuja kufungua maduka ya kawaida yenye mlango na kioo, kwa sababu wapo wateja ambao hawatoi pesa kabla hawajashika.

Hesabu hadharani

Asiye na mlango wala kioo ana njia moja: kuonyesha hesabu. Karati ni idadi ya sehemu za dhahabu safi kati ya 24. Karati 22 ni asilimia 91.6, 21 ni 87.5, 18 ni 75, na 9 ni 37.5. Ndiyo maana pete ya karati 18 hugongwa namba 750 kwa ndani.

Tuchukulie kwa mfano kwamba gramu moja ya dhahabu safi ni shilingi 300,000. Pete ya gramu 5 ya karati 18 ina dhahabu safi gramu 3.75, yaani shilingi 1,125,000. Juu yake kuna ujira wa sonara, vumbi linalopotea wakati wa kusugua na kung'arisha, kito kama kipo, kisanduku, usafirishaji, kodi na faida. Muuzaji anayeandika mistari hiyo chini ya picha hapotezi siri yoyote, maana bei ya dhahabu inajulikana dunia nzima. Anayepata shida ni yule anayeuza dhahabu ya kuchovya kwa jina la dhahabu.

Hesabu hiyo inamlinda muuzaji pia. Agosti 2020 wakia moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1, ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Machi 2025 ikavuka 3,000, na Oktoba mwaka huo huo 4,000. Anayetaja bei leo na kupokea malipo baada ya wiki tatu anaweza kugundua kwamba fedha alizopokea hazitoshi hata kununua dhahabu yenyewe. Basi ankara iseme wazi bei inadumu kwa saa ngapi, na malipo ya awali yakiingia, dhahabu inunuliwe siku hiyo hiyo.

Kisha kuna video. Nusu dakika inatosha: simu juu ya mizani, isomeke 0.00, pete inawekwa, namba zinacheza, zinatulia kwenye 5.02. Kamera inasogea ndani ya pete mpaka 750 isomeke. Hakuna muziki, hakuna kuremba rangi. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na stika yake ionekane kwenye picha.

Kito kina tabia zake

Penye vito vya rangi, kusema ukweli kunadai ujuzi. Tanzanaiti inachimbwa Mererani tu, wilayani Simanjiro, na karibu yote hupitishwa kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi ili ukahawia utoke na ubuluu ujitokeze. Hiyo ni desturi ya soko zima na haipunguzi thamani, lakini mteja akiisikia kwanza kwa mtu mwingine ataona alifichwa. Mwanga nao huibadilisha: mchana kweupe huegemea buluu, chini ya balbu ya njano huvuta zambarau. Anayepiga picha moja tu chini ya taa ajiandae kurudishiwa mzigo. Apige mbili, dirishani na taani, aziweke pamoja.

Jingine ni ugumu. Katika kipimo cha Mohs almasi ni 10, tanzanaiti ni kati ya 6 na 7. Kwenye herini au kidani itakaa miaka. Kwenye pete ya kufulia na kusongea ugali itachubuka. Mteja anayetaka kito cha buluu cha kuvaa kila siku aelekezwe kwenye yakuti samawi, yenye ugumu wa 9, ambayo nayo inatoka kwetu, Umba na Tunduru. Mauzo ya leo huenda yakapungua kidogo, lakini mwaka kesho hakuna atakayerudi na jiwe lililopasuka. Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha hufundisha kutambua, kukata na kung'arisha vito, na wanawake wamepita hapo. Ada ya kozi ni mtaji mzuri kuliko matangazo ya kulipia.

Mambo madogo yanayokula faida

Vidole hunenepa kwa joto. Aliyejipima Arusha asubuhi ya Julai na atakayevaa Dar es Salaam mchana wa Februari ni kama watu wawili. Kipimo cha uzi huongeza balaa. Afadhali kumtumia mteja pete za plastiki zenye namba ajaribu kwanza, kuliko kuirudisha pete kwa sonara mara mbili.

Malipo yaingie kwenye lipa namba yenye jina la biashara, si namba ya simu ya shangazi. Mzigo wa milioni mbili haukabidhiwi bodaboda wa kusimamishwa njiani; uende na kampuni inayokubali kuukatia bima, au makabidhiano yafanyike kwa sonara. Anwani ya nyumbani isitajwe mtandaoni hata kwa bahati mbaya. Mwanamke anayejulikana kuwa na dhahabu ndani anaishi na hatari ambayo muuza vijora haijui.

Upo pia upande wa serikali: jina la biashara BRELA, namba ya mlipa kodi, leseni, risiti. Anayetaka kununua mawe ghafi aulize kwanza Tume ya Madini ni leseni gani inamhusu, na anayetuma kito kwa mteja wa nje apate kibali kabla ya kukifunga kwenye boksi.

Mtaji ndio kilio cha wengi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 ni ya wanawake. Vikoba navyo vipo. Ila mkopo unaorejeshwa kila mwezi hauelewani na dhahabu iliyolala kabatini, maana wanunuzi huja kwa misimu. Harusi husimama Ramadhani na Kwaresima, kisha hufumuka baada ya Idi na mwezi wa Desemba. Kwa anayeanza, oda zenye malipo ya awali ni salama kuliko kabati lililojaa.

Baada ya yote hayo kuna ahadi moja ambayo masonara wazuri wameitoa tangu zamani: lete bangili yako siku yoyote, nitaipima na kuinunua kwa uzito wake. Ndiyo iliyoifanya dhahabu iwe akiba badala ya pambo tu, na kurasa chache mno za mtandaoni zimethubutu kuiandika. Anayeiandika, akataja karati, makato na namna bei itakavyopigwa, hahitaji kuapa kwamba dhahabu yake ni ya kweli. Anayeogopa kuinunua tena pete aliyoiuza mwenyewe, anajua alichouza.